Daftari la Mipaka Minne: Vifurushi Vinne Kutoka Dar Hadi Kigali na Kurudi

Nimerudi nyumbani, miguu imeshapona uvimbe, na sasa nimekaa na daftari langu pembeni niandike safari hii kabla sijasahau. Picha ni chache. Mpakani hairuhusiwi kupiga piga picha ovyo, kwa hiyo nyingi ni za saa yangu ya mkononi, za risiti na za sahani za chakula. Zimenisaidia sana kupanga matukio.

Sababu ya safari ni hii. Kikundi chetu cha kazi za mikono hapa Dar kina wenzetu Nairobi, Kampala na Kigali. Sisi tunawapelekea vikapu vya ukindu, Nairobi wanatoa vyondo, yaani mikoba ya kusukwa kwa katani, Kampala wanatoa mikoba ya gome la mti, Kigali wanatoa agaseke, vile vikapu vyenye mfuniko uliochongoka. Mzigo unasafiri kwa basi. Kila kifurushi kikichelewa, jibu ni lile lile: "Kimekwama forodhani." Mwezi wa saba kifurushi chetu kimoja kilichukua siku kumi na moja kufika kwa mteja wa Nairobi, naye akakikataa. Nikauliza: kimekwama mpaka upi, kwa nani, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi? Hakuna aliyejua. Mimi ndiye mtunza hesabu wa kikundi, na siwezi kuandika "forodha" kwenye daftari kama vile naandika "mvua".

Nikagundua kwamba kupima jambo hili si uzushi wangu. Shirika la Forodha Duniani lina mwongozo wake wa kupima muda wa kuachilia mizigo, na mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa kurahisisha biashara, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari 2017, unazihimiza nchi zipime wastani wa muda huo na kuutangaza. Nikachora safu tano kwenye daftari: kufika, nyaraka kupokelewa, kukaguliwa, kuachiliwa, kuondoka. Nikaamua kusafiri na vifurushi vinne, kila mpaka na kifurushi chake, nikae navyo mwanzo mwisho.

Jumatatu, 4 Septemba 2023. Dar es Salaam – Arusha

Stendi ya Magufuli pale Mbezi nilifika gizani. Kifurushi cha kwanza kilikuwa vikapu ishirini na vinne, vimepachikwa kimoja ndani ya kingine kama sufuria za dukani, vikashonewa ndani ya gunia kwa kamba ya katani. Kilo 11. Nauli yangu ilikuwa shilingi 38,000, na kifurushi 8,000. Karani wa vifurushi akaandika kwenye kitabu chake "saa 11" akanikatia risiti. Naomba msomaji aikumbuke hiyo saa 11, itatusumbua mbele.

Chalinze, Segera, Korogwe. Mombo tukashuka kula, nikachukua wali kuku na chungwa la kumenyewa. Baada ya hapo ni milima ya Usambara na Upare kuliani mpaka usingizi unakushika, na upepo wa Same unaokuamsha kwa kugonga madirisha.

Arusha tuliingia 16:50. Gari la Nairobi ni kesho asubuhi, kwa hiyo gunia likaingizwa stoo ya kampuni ya basi, mlango ukafungwa. Nikaandika: limelala saa 15 na dakika 10, na hatujaona hata bendera ya mpaka.

Jumanne, 5 Septemba. Arusha – Namanga – Nairobi

Tuliondoka saa mbili kamili asubuhi. Longido ilikuwa kavu, ng'ombe wamejikusanya chini ya migunga. Namanga tukafika 10:42.

Kwa asiyejua, Namanga ni kituo cha huduma kwa pamoja, kilichozinduliwa na marais Magufuli na Kenyatta tarehe 1 Desemba 2018. Unasimama mara moja tu, upande wa nchi unayoingia, na maafisa wa nchi zote mbili wako jengo moja. Zamani ulikuwa unagonga muhuri Tanzania, unatembea na jua lako, unaanza upya Kenya.

Nilikuwa na orodha ya bidhaa yenye thamani ya kila kikapu, lakini cheti rahisi cha uasili wa bidhaa sikuwa nimekijaza. Hicho ndicho kinachomruhusu mfanyabiashara mdogo kupitisha bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki bila ushuru wa forodha, mradi thamani isizidi dola 2,000 na bidhaa iwe kwenye orodha inayokubalika. Dada mmoja wa dawati la taarifa za biashara akanisaidia kujaza. Foleni na kujaza vilikula dakika 38. Nyaraka zikapokelewa 11:20.

Hapo likatokea jambo lililobadilisha daftari langu. Aliyekuja kufungua gunia hakuwa afisa forodha, alikuwa mkaguzi wa afya ya mimea. Ukindu ni jani, na jani lina wadudu wake. Akachomoa kikapu cha katikati, si cha juu, akakigeuza kitako juu, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye msuko wa duara, taratibu, kama mtu anayetafuta mwanzo wa selotepu. Akakikung'uta juu ya karatasi nyeupe. Akaitazama karatasi. Hakuna kilichoanguka zaidi ya vumbi.

"Hii kazi ni safi, mama. Mnakausha siku ngapi?"

"Siku nne juani, mwanangu."

"Basi endeleeni hivyo hivyo."

Dakika sita. Afisa forodha akamaliza 11:44, ushuru wa forodha sifuri, ila VAT ya Kenya ya asilimia 16 haisamehewi na cheti hicho. Wengi wetu tunadhani cheti kinafuta kila kitu, kisha tunaenda kulalamika dirishani.

Tangu nyaraka kupokelewa mpaka kuachiliwa ni dakika 24. Lakini tuliondoka Namanga 13:05, kwa sababu abiria mmoja hakuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano na dereva alimsubiri. Kwa karani wa Nairobi, hayo yote ni saa 2 na dakika 23 "forodhani". Nikachora safu ya sita kwa kalamu nyekundu, nikaiita NANI. Kila dakika lazima iwe na mwenyewe.

Kwa watakaopita: pasipoti na kadi ya chanjo viwe mfukoni, si kwenye begi la buti. Nyaraka za kifurushi zishikwe mkononi, kwa sababu karatasi iliyoshonewa ndani ya gunia ni sawa na karatasi ambayo haipo.

Jumatano, 6 Septemba. Nairobi

Siku ya kupumzika iligeuka siku ya kazi. Mwenzetu wa Nairobi huhifadhi kila risiti, Mungu ambariki. Akanimwagia mezani boksi la viatu limejaa karatasi, tukaitafuta ile ya mwezi wa saba. Tukaipata kabla ugali na sukuma wiki havijapoa.

Kifurushi cha siku kumi na moja kilifika Nairobi siku ya tatu. Siku ya tatu! Muhuri wa stoo ya basi unaonekana vizuri. Siku nane zilizobaki kilikaa kwenye rafu mjini, kwa sababu namba ya simu iliyoandikwa juu yake ilikuwa pungufu ya tarakimu moja na hakuna aliyeweza kumpigia mteja. Mwandiko ni wa hapa kwetu Dar, naujua. Tulitazamana na mwenzangu, hakuna aliyesema neno kwa muda.

Na ile saa 11 ya Mbezi? Karani wetu alimaanisha saa kumi na moja alfajiri. Nairobi wanapoingiza kwenye kompyuta wanaisoma 11:00. Saa sita zimepotea kabla basi halijawasha taa. Nimekuta na kinyume chake, karani wa Nairobi ameandika "3" akimaanisha saa tisa alasiri, na sisi tukaisoma saa tatu asubuhi. Kuanzia sasa daftari la kikundi ni mtindo wa saa 24 tu, kama nilivyofanya humu. Ukizungumza, sema saa tisa kama ulivyozaliwa. Ukiandika, andika 15:00.

Jioni nikapokea kifurushi cha pili, vyondo kumi na sita vya katani na mikanda ya ngozi. Nauli ya basi la usiku la Kampala shilingi 2,800 za Kenya, kifurushi 800. Kwenye orodha ya mizigo ya basi niliona mstari mmoja tu: "Mizigo mbalimbali, 14." Nikamuuliza karani kama chetu hakiwezi kuandikwa peke yake. Akasema ndivyo wanavyofanya siku zote. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kulinigharimu.

Alhamisi, 7 Septemba. Busia

Nakuru na Kisumu nilizipita usingizini. Tukafika Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, 05:48, baridi ya ziwa bado iko hewani.

Abiria tulimalizana na uhamiaji kabla ya saa moja. Mizigo ikashushwa, ukaguzi ukaanza 06:55. Mfuko wa tano ulikuwa na mikebe ya krimu za kujichubua, zenye kemikali zilizopigwa marufuku, na haukuwa na jina la mtu. Afisa akauliza ni wa nani. Konda akatazama chini. Kwa kuwa vifurushi vyote 14 vilikuwa mstari mmoja, orodha moja, tamko moja, vyote 14 vikazuiliwa. 07:20.

Nilimwonyesha cheti changu, kimejazwa, kimenyooka. Akakisoma chote, akanirudishia kwa mikono miwili. "Nnyabo, chako ni kizuri. Lakini hiki kifurushi kwenye karatasi hakipo. Kilichopo ni 'mizigo mbalimbali'. Mwenye orodha aje aitenganishe, nakuachia mara moja."

Mwenye orodha ni wakala wa kampuni ya basi. Simu yake iliita mpaka ikachoka. Basi likaondoka na abiria wake. Mimi nikabaki na daftari.

Mchana nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha ukuta, nimeegemea begi, alipokuja mama mmoja muuza mayai na trei tatu tupu kichwani. Aliniona asubuhi anapovuka, na sasa anarudi bado niko pale pale. Hakuuliza mengi. "Mpaka hauna huruma na tumbo tupu," akasema, akanichukua kwake nyuma ya soko. Kalo ya ulezi na samaki wadogo wakavu waliopikwa na karanga, ugali mweusi unaonata vidoleni. Nikalala kwenye mkeka pamoja na wajukuu zake wawili. Asubuhi nilipotaka kumwachia hela, alikunja kiganja changu akakifunga na noti ndani yake. Nilimwachia kikapu kimoja kidogo nilichokuwa nabebea chakula, hicho alikipokea.

Usiku aliniambia jambo nililoliandika kwa mwanga wa simu. Yeye huvuka na mayai kila siku, na akiwa na karatasi yake mwenyewe anapita kabla jua halijapanda. Siku aliyojaribu kuyaweka kwenye gari la mtu, kwenye karatasi ya mtu, yaliharibika.

Ijumaa, 8 Septemba. Busia – Kampala

Wakala alifika 11:50, shati limepigwa pasi. Orodha ikatenganishwa, kila kifurushi kikapata mstari wake, chetu kikaachiliwa 12:35. Nikatoka getini 12:48.

Jumla ni saa 31 kamili. Nimezigawa hivi, na naomba zisomwe polepole. Foleni ya mwanzo ilikuwa saa 1 na dakika 7. Kazi ya forodha yenyewe, ukaguzi wa asubuhi ya Alhamisi pamoja na uachiliaji wa Ijumaa, ilikuwa saa 1 na dakika 10. Kutafuta mlinzi wa kufungua geti, dakika 13. Saa 28 na nusu zilizobaki ni za kumsubiri mtu mmoja mwenye karatasi. Kama ningekuwa nyumbani Dar ningeambiwa kimekwama forodhani siku mbili, na ningeamini.

Sisemi forodha haichelewi kamwe. Yako mambo ambayo kukagua kwake ni kazi ya siku nzima, na yako madirisha yanayofungwa wakati foleni bado ndefu. Lakini huwezi kumdai mtu deni ambalo hujui ni lake kiasi gani, na sisi tumekuwa tukidai dirisha lisilo lake kwa miaka.

Ushauri wangu kwa anayetuma kwa basi: usikubali kabisa kuandikwa ndani ya "mizigo mbalimbali". Dai mstari wako, wenye jina lako, aina ya bidhaa, idadi na thamani, kisha piga picha ukurasa huo kabla basi halijaondoka. Karani akikataa, tafuta basi lingine hata kama nauli ni kubwa.

Busia mpaka Kampala nilipanda teksi, kama wanavyoiita wao ile basi ndogo, shilingi 25,000 za Uganda. Jinja tukavuka Nile juu ya daraja jipya la nyaya lililofunguliwa 2018. Msongamano wa Mukono sina la kuuelezea.

Jumamosi na Jumapili, 9 na 10 Septemba. Kampala

Nimekula rolex tatu kwa siku mbili, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai na nyanya, inakunjwa mbele ya macho yako kwenye bati la moto. Sikuwa nimepanga kupenda kitu kwa kiasi hicho.

Jumapili wenzetu wa Kampala walikaa nami chini ya mwembe kuangalia daftari. Kijana wao mmoja akataka tutoe wastani wa mipaka yote. Nikamwomba tujaribu kwanza na mfano. Tuseme vifurushi vitano vimekaa mpakani saa 2, 2, 3, 3 na 31. Wastani ni saa 8.2, na hakuna hata kifurushi kimoja kilichokaa saa nane. Ukivipanga kwa mfuatano ukachukua cha katikati unapata 3, na hiyo ndiyo ahadi unayoweza kumpa mteja. Ile 31 usiitupe, iweke pembeni na uitafutie sababu yake. Kijana akaelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi, akaanza kuzipanga risiti zao za nyuma.

Mama mmoja pale hutuma kwa posta ya kimataifa, akauliza kama safu zangu zinamfaa. Zinamfaa, na yeye hahitaji hata kupanda basi. Namba ya kifurushi cha posta ina herufi na tarakimu 13: herufi mbili za aina ya huduma, tarakimu tisa ambazo ya mwisho ni ya kuhakiki, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka. Ukiifuatilia kwenye intaneti, tafuta matukio manne: kufika ofisi ya kubadilishana mizigo katika nchi kinakokwenda, kuwasilishwa forodhani, kurudishwa kutoka forodhani, na kuondoka ofisi hiyo. Muda wa forodha ni kati ya la pili na la tatu tu. Kabla ya hapo na baada ya hapo kifurushi kiko mikononi mwa posta. Na fomu ya CN23, ile ya kumweleza afisa forodha kilichomo, ijazwe kwa maneno yanayoeleweka. "Zawadi" haimwambii afisa chochote. "Mikoba 6 ya gome la mti, imeshonwa kwa mkono" inamwambia kila kitu.

Kifurushi cha tatu nilikabidhiwa jioni. Nguo ya gome la mutuba, ile ambayo ufundi wake UNESCO iliutambua mwaka 2005, ina rangi ya udongo uliolowa na harufu kama ya moshi wa mbali. Haitaki maji. Wakaifunga kwa nailoni nzito. Hakuna kati yetu aliyefikiri tunakwenda nchi gani.

Jumatatu, 11 Septemba. Kampala – Katuna/Gatuna – Kigali

Basi la 05:30, shilingi 60,000. Mstari wa ikweta Kayabwe tuliupita bila kusimama. Lukaya tukasimama, na madirisha yakajaa mikono yenye mishikaki na gonja, yaani ndizi za kuchoma. Chukua gonja. Baada ya Mbarara vilima vinaanza, na kufika Kabale barabara inajikunja mpaka unaiona nyuma ya basi lako.

Mpaka huu, Katuna kwa Uganda na Gatuna kwa Rwanda, ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena 31 Januari 2022. Mwanamke aliyekaa jirani yangu alinihesabia wajukuu wawili waliozaliwa upande wa pili katika miaka hiyo bila yeye kuwaona.

Tulifika 14:40. Nyaraka zikapokelewa 14:58. Ukaguzi ulikuwa wa heshima, ila afisa alipoona nailoni akatikisa kichwa. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008. Nailoni ikachanwa, ikatupwa kwenye pipa lao, na mikoba ya gome ikabaki wazi huku wingu limeshuka juu ya kilima. Yule mwanamke jirani yangu, mama mtu mzima, akafungua kitenge chake cha pili kiunoni, akaviringisha mikoba yote kama anavyobebwa mtoto, akafunga fundo. Hatukuwa na lugha zaidi ya Kiswahili chake kidogo. "Nitakipata Nyabugogo," akasema, yaani stendi ya mabasi ya Kigali. Dakika tano baadaye mvua ikanyesha.

Simu yangu ikaonyesha tumeondoka getini 14:55. Nikaitazama mara mbili. Dakika 15? Hata nyaraka zenyewe zilipokelewa baadaye kuliko hapo! Ndipo nikakumbuka: Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu ilikuwa imeshika mnara wa Rwanda. Ukweli ni saa 1 na dakika 15. Nikirudi nyuma kwenye picha, mbili zilizopigwa ndani ya jengo zina saa ya Uganda, moja katikati yake ina saa ya Rwanda, kwa sababu simu inaruka kati ya minara. Atakayepima mpaka huu azime kipengele cha saa kujibadilisha yenyewe, ashike saa moja tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi tangu hapo niliamini saa ya mkononi.

Nyabugogo tulifika usiku. Kitenge nilikirudisha kikiwa kimelowa upande mmoja. Mikoba ilikuwa mikavu.

Jumanne hadi Alhamisi, Kigali

Kazi za kikundi, isombe (kisamvu chao), mishikaki na ndizi za kuchoma. Kifurushi cha nne: agaseke ishirini, ndani ya boksi gumu lililofungwa kwa kamba ya katani. Walijifunza kabla sijawafundisha.

Ijumaa, 15 Septemba. Kigali – Rusumo – Kahama

Tuliondoka 07:00 ya Kigali, tukapita Kayonza na Kibungo, tukafika Rusumo 10:20 ya Kigali, yaani 11:20 yetu. Daraja na kituo cha pamoja vilijengwa kwa msaada wa Japani, vikazinduliwa Aprili 2016. Chini yake maporomoko ya Kagera yananguruma rangi ya chai ya maziwa. Rwanda magari hupita kulia, Tanzania kushoto, kwa hiyo hapa ndipo kila dereva anapobadili upande.

Huku jengo liko upande wa Tanzania. Nyaraka zilipokelewa 11:41, ukaguzi mfupi, kuachiliwa 11:58. Dakika 17. Kijana wa forodha akafungua mfuniko wa agaseke moja, akachungulia, akaufunga kwa vidole viwili kama anafunika uji wa mgonjwa. "Karibu nyumbani, mama." Tukaondoka 12:25. Asiyejua habari ya saa angeandika 10:20 hadi 12:25, saa mbili na ushee. Ni saa 1 na dakika 5. Saa niliyoipata bure Gatuna, Rusumo wangenidai niirudishe.

Kahama nililala nyumba ya wageni ya 25,000, maji ya moto yalikuwepo.

Jumamosi, 16 Septemba. Kahama – Dar es Salaam

Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro. Siku nzima ni mgongo na kiti. Tuliingia Mbezi usiku, na 23:10 boksi la agaseke likapokelewa na stoo ya vifurushi ya basi. Ningeweza kulibeba nikaenda nalo nyumbani. Niliamua liende njia ya kila siku, ile ambayo vifurushi vyetu hupita nisipokuwepo.

Jumapili kikundi hatufungui. Ufunguo wa stoo yetu uko kwa mtu mmoja, naye huwa kanisani na kisha kwa ndugu zake Kibaha. Jumatatu kijana wetu wa kuchukua mizigo alifika Mbezi 09:10, akasaini, akapakia kwenye bodaboda.

Nikahesabu kwa vidole, kisha kwa kalamu. Saa 34. Zaidi ya Busia. Kikao cha jioni nililisoma daftari lote kwa sauti, mpaka kwa mpaka, na nilipofika mstari wa mwisho mwenyekiti akauliza kwenye safu ya NANI nimeandika nini. Nikamgeuzia ukurasa, asome mwenyewe. Nimeandika: sisi. Ufunguo wa pili ulichongwa kesho yake, shilingi 3,000, na risiti yake nimeibandika ukurasa huo huo.